Udongo Ndani ya Chombo cha Nshimiyimana

“Mafuta gani?” aliuliza Sidonie Mukagasana. “Unisamehe, dada, lakini nauliza. Mafuta gani hiyo? Ile ni chombo ya maziwa. Hata mutoto wa kunyonya hapa Masisi anaweza kukuambia. Na hapa chini muliandika nini? Unisomee, mi niliishiaka mwaka ya tano.”

Msichana aliyeulizwa aliitwa Aurélie. Alikuwa ametoka Kinshasa, kwenye makumbusho ya taifa, na viatu vyeupe ambavyo kwa siku mbili tu tope la Masisi lilikuwa limevifundisha adabu. Yeye na mwenzake walikuwa wanazunguka na kitabu kikubwa cha picha: vinyago, vigoda, ngoma, vyombo vya kila namna ambavyo Wazungu walivibeba zamani kutoka milima ya Masisi na msitu wa Walikale, na ambavyo sasa vimelala kwenye kabati za serikali bila mtu wa kuvisemea. Walikuwa wanaita wazee kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, wanafungua ukurasa, wanauliza hiki ni nini, kilifanya kazi gani, nani alikitengeneza. Siku hiyo sale ilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Wazee walikuwa saba. Wengine walikuja kuangalia gari.

Aurélie alisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani: “Chombo ya mafuta. Walikale. Fundi: hajulikani.”

“Hajulikani na nani?”

“Na musée, Mama.”

“Basi muandike vile. Musée haimujui. Mi namujua.”

Mwenzake Aurélie, mwanaume mnene wa makamo aliyeitwa Samy, alikohoa. Huyo alikuwa mtu wa Walikale, na jambo hili lilimgusa. “Mama,” alisema, “hiyo chombo ilitoka kwetu. Waliikamata kwa muzee moja mwaka ya makumi tano na nane. Kwetu tuliwekaka ndani mawese. Tangu nizaliwe naona vile.”

“Na mi nikiweka viazi ndani ya kofia yako, kofia inakuwa kitunga?”

Watu walicheka. Samy naye alicheka, akashika kofia yake kama mtu anayeogopa viazi.

“Huyo muzee wenu nani alimupatia?” Sidonie hakumwachia nafasi. “Ni tate yangu, baba ya baba yangu. Nshimiyimana. Alikuwa anachonga vyombo ya maziwa hapa ku mulima, anafunga sita ku mugongo, anashuka Walikale kwa miguu siku ine. Kwenu hamukuwa na ng’ombe. Mukampa mawese, akawapa chombo. Mukaweka ndani kile mulikuwa nacho. Sisemi ni mubaya. Nasema mulikula kazi yake na sasa munasema hajulikani.”

“Sasa Mama, mimi nilizaliwa makumi saba na mbili. Nilikula kazi yake wapi?”

“Ulikula. Ni vile hukumbuke.”

Halafu akasema neno ambalo baadaye alitamani alimeze. Alisema tate yake alikuwa na alama. Kila chombo, chini kwenye kitako, alikata mikato mitatu midogo, halafu akachoma tundu moja kwa chuma cha moto, kama jicho. Aurélie alifunua ukurasa wa pili. Kulikuwa na picha ya kitako cha kile chombo. Mikato mitatu, na jicho.

Watu wa nyuma walisimama ili waone.

Aurélie aliongea na Samy kwa Kifaransa, haraka, macho yamewaka, na Samy akageukia Sidonie. “Anasema alama peke yake haiko jina. Anahitaji chombo ingine ya alama ile, kutoka kwa famii yenyewe. Aione na macho, aipime, aipige picha. Hapo anaweza kuandika jina. Uko nayo?”



Alikuwa nayo. Lakini aliangalia nyuma yake, akaona vichwa arobaini, na kati ya hivyo hakujua vichwa kumi hivi vilitoka wapi. Kitu ambacho gari la Kinshasa linakitafuta, kabla ya jua kuzama kitakuwa kimepewa bei na watu wasiokijua. Akasema, “Nitaangalia.”

“Alhamisi saa kumi ya muchana tunafunga orodha,” Samy alisema. “Tunalala kwa Mapadri, ukishapita Mubambiro. Alhamisi ikipita iko imefungwa, inaenda Kinshasa kusainiwa.” Aurélie alimpa karatasi moja, fishi yenye picha ya kitako na kashe, yaani muhuri, wa makumbusho, ili huko asikatazwe kuingia. Juu yake neno lilikuwa bado lile lile: hajulikani.

Siku hiyo ilikuwa jumanne.

Inafaa mtu ajue Sidonie alikuwa mwanamke wa aina gani, kwa sababu aliyemsikia kwenye sale angefikiri hana kitu anachoogopa. Alizaliwa kwenye mlima ule ule alikoolewa, juu ya njia ya Rubaya, kwenye nyumba ya maharagi na muhogo. Darasani alikuwa wa kwanza au wa pili, halafu mama yake akapata ugonjwa wa mgongo na jembe likahitaji mikono mingine. Ndivyo alivyoishia mwaka wa tano. Akaolewa na Mbonigaba, mtu mpole aliyekuwa na ng’ombe saba. Wakazaa wanne, wakakimbia mara tatu, wakarudi mara tatu. Mara ya pili waliporudi ng’ombe hawakuwepo. Mbonigaba, aliyekuwa anajua ng’ombe tu, akaanza kubeba mizigo ya madini kutoka machimbo ya Rubaya kama wengine, kilo hamsini kichwani, kushuka mpaka kwa wanunuzi. Miaka kumi na moja iliyopita alipita barieri ya kwanza, kile kizuizi cha wenye bunduki barabarani, watu walimwona. Barieri ya pili, mwendo wa nusu saa, hakufika. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na aliyejua hakusema.

Tangu siku ile Sidonie hakupita barieri. Sokoni alimtuma Umugwaneza, mke wa mwanawe. Msiba ukitokea Sake, alituma maharagi na salamu. Akiulizwa alisema ni miguu. Watu wa mlimani walijua miguu ile inaweza kupanda na kushuka shamba toka asubuhi mpaka jioni, lakini walimwachia aseme hivyo.

Jumatano alipalilia upande wa juu wa shamba. Alhamisi asubuhi aliingia kwenye kibanda cha nafaka, akafukua gunia la maganda ya maharagi, akatoa chombo. Kilikuwa cheusi kwa moshi na mafuta ya mikono, kifua kipana, shingo nyembamba, na kifuniko chake cha kusukwa kilichochongoka kama paa. Kwa sababu ya hicho hakulala vizuri kila mara vita ilipokaribia. Nyuzi za mti zilikuwa zimeng’aa pale ambapo nyanya yake alikuwa anakishikia.

“Utaenda na Faustin?” Umugwaneza aliuliza mlangoni. Faustin alikuwa dereva wa pikipiki pale chini.

“Mbona unaniangalia kama maiti? Nitaenda na Faustin.”





Sasa kulikuwa na jambo moja. Kwao chombo cha maziwa hakitoki mlangoni kitupu. Ukikiazima, ukikirudisha, ukikipeleka kwa bibi harusi, ndani kuna kitu, hata tone. Kikitoka kitupu, ni kama umesema nyumba hii imekwisha. Maziwa hayakuwepo; ng’ombe wa mwisho alishasahaulika. Maharagi yalikuwa yamepandwa yote, yalikuwa yametoa majani mawili. Umugwaneza alisema aweke maji. Maji yatamwagika kwenye pikipiki, na maji hayatoki kwa ng’ombe.

Sidonie alifikiri, halafu akashuka nyuma ya nyumba, mahali zizi la Mbonigaba lilipokuwa, akachimba kwa mikono udongo wa pale. Hapo ng’ombe saba walisimama, hapo maziwa yalikamuliwa. Kama kuna kitu cha nyumba hii, ni hicho. Akajaza chombo mpaka shingoni, akafunika, akafunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto, ile fishi ndani ya mkunjo. Aliona ni kizito, akafikiri ni umri wake.

Hakukumbuka kitu kimoja, na mtu wa mji mwingine asingehitaji kukikumbuka. Juu ya lile zizi, mlima mzima ulikuwa mashimo ya wachimbaji wa madini. Kwa miaka ishirini kila mvua ilikuwa inaleta tope lao mpaka kwenye uwanja wake, na yeye alikuwa analitukana tu kwa sababu linaua maharagi.

Faustin alimwona akija, akazima injini kwa heshima. “Mama Sidonie. Leo miguu imepona?”

“Washa kitu yako twende.”

“Unabeba mujukuu?”

“Nabeba tate.”

Faustin aliamua kutouliza tena.

Barieri ya kwanza ilikuwa kamba na vijiti viwili. Sidonie alifumba macho tangu alipoiona kwa mbali, akashika shati la Faustin mpaka kifungo kikakatika. Alisikia sauti zinasalimia, akasikia Faustin anacheka kicheko kile cha madereva, halafu upepo ukarudi usoni. Alipofungua macho walikuwa wanashuka, na barabara kati ya barieri ile na ya pili ilikuwa mbele yake. Aliangalia kila mti wa njia ile. Aliangalia kila mfereji. Hakuwa na haja ya kujua alichokuwa anatafuta. Shingo yenyewe ilikuwa inageuka. 

Ya pili walipita. Walipita Sake pia. Ilikuwa saa nane mchana, na Sidonie alikuwa ameanza kupumua mpaka chini, walipofika barieri ya mwisho, kabla ya Mubambiro.

Siku hizo barieri ilikuwa ya nani, watu hawakuuliza. Walikuwa wenye bunduki, hiyo ilitosha. Mmoja wao, kijana mwembamba, alisema mama ashuke, afungue kitenge. Aliokota fishi iliyoanguka, akaisoma, halafu akachukua chombo kwa mkono mmoja, mkono ukashuka.

“Iko nzito hivi juu ya nini?”

“Ni udongo,” alisema Sidonie. 

“Udongo.”

“Ya kwetu. Ni desturi tu, mwanangu.”

Kijana alitoa kifuniko, akamimina kidogo kwenye kiganja, akakipeleka juani. Ule udongo uling’aa. Vijipunje vyeusi, vizito, vilivyokaa chini ya vidole vyake wakati vumbi lilipopeperuka. Kijana alitoka eneo ambalo kila mtoto anajua kile ni nini. Sidonie naye aliona, kwa mara ya kwanza, kile mvua ilichokuwa inamletea.

“Afande,” kijana aliita. “Kuja uone mama anabeba koltani ndani ya kitu ya musée.”

Faustin alikuwa anasukuma pikipiki yake polepole, kama mtu anayetafuta kivuli. Aliisukuma mpaka nyuma ya lori, na hakuonekana tena. Asilaumiwe. Alikuwa na watoto wanne, na pikipiki haikuwa yake.

Afande alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, aliyeongea chini chini. Hiyo ndiyo iliyomtisha Sidonie zaidi. Mtu anayepiga kelele unajua mwisho wa kelele zake. Alimkalisha kwenye jiwe, chini ya hema la plastiki. Aliuliza anatoka wapi. Rubaya, karibu na Rubaya. Aliuliza nani alimtuma. Hakuna. Aliuliza bwana yake yuko wapi.

“Alikufa,” Sidonie alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na alilitamka kwa mtu wa barieri.

“Alikuwa anafanya kazi gani?”

 Kila jibu lilikuwa shimo. Akisema alibeba mizigo ya Rubaya, ameshajihukumu. “Ng’ombe,” alisema mwishowe.

“Vizuri. Ng’ombe.” Afande aliandika kitu kwenye daftari. “Wanabebaka ndani ya ndizi. Wanabebaka ndani ya jeneza. Lakini ndani ya kitu ya bankambo, ya wazee wa zamani, na karatasi ya kashe juu, hapana, hii ni akili. Mama, uko na akili. Nani anapokea huko mbele?”

“Hakuna anayepokea. Ni udongo wa zizi.”

“Tutakupeleka ku kambi. Huko watauliza muzuri.”

Kwenye jiwe lile Sidonie alikaa, na akawa anawaza mambo madogo tu, kama mtu anavyofanya hofu ikizidi. Aliwaza kama Umugwaneza atakumbuka kupalilia upande wa chini. Aliwaza Mbonigaba naye alikalishwa kwenye jiwe gani. Aliona nzi anatembea kwenye mkono wake, na mkono haukuweza kumfukuza.

Ng’ambo ya barabara alikuwa mwanamke mmoja anauza mihogo ya kuchemsha. Aliitwa Nicole, wanaume wa barieri walikuwa wanamwita hivyo wakimtuma mihogo. Alikuwa anaangalia tangu mwanzo. Alivuka na sahani ya Afande, akaiweka, hakuondoka.

“Afande, mi nilisafishaka mawe Rubaya miaka sita,” alisema. “Ile mama hana koltani. Ile ni matope ya chini ya mulima. Iko ndani yote ya Rubaya, hata ndani ya mboga, ndani ya sombe, utaipata.”

“Ulikuwa mwanasheria tangu lini?”

“Sina sheria. Niko na beseni. Nisafishe mbele yako. Ikibakia kilo, mumupeleke. Ikibakia kijiko, mutachekwa ku kambi.”

Neno la kuchekwa lilifanya kazi yake. Afande alisema asafishe.

Nicole alimimina udongo wote kwenye beseni lake, akatia maji, akaanza kuzungusha. Wanaume walizunguka. Maji mekundu yalimwagika, akatia mengine, akazungusha, akamwaga. Kiuno chake kilikuwa bado kinajua kazi. Sidonie aliangalia udongo wa zizi ukienda barabarani, kwato za ng’ombe saba zikienda na maji, na hakuthubutu kulia kwa sababu aliyelia angeonekana ana kitu. Mwisho Nicole aliinamisha beseni. Kwenye ukingo kulikuwa na weusi kidogo, kama masizi ya sufuria.

“Kijiko,” Nicole alisema. “Na kijiko ya chai.”

Yule kijana mwembamba alicheka kwanza. Wengine wakafuata. Afande hakucheka, lakini alifunga daftari. Alikusanya ule weusi kwenye kipande cha mfuko, akatia mfukoni, hakuna aliyemuuliza.

“Uende, mama. Chombo inabakia.”

Sidonie alikuwa ameshasimama. “Inabakia aje?”

“Nimeipenda. Nitakunywa ndani kasiksi, pombe ya ndizi.” Alichukua ile fishi, akaishika mbali na miwani. “Na tena hapa wameandika mwenyewe. Fundi: hajulikani. Kitu haijulikane, ni ya kila muntu. Ni karatasi ya serikali inasema vile, haiko mimi.”

Huyu mtu alikuwa na bunduki tano nyuma yake. Nicole aliangalia chini. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru Mungu na kwenda. Na Sidonie aligeuka kwenda, kweli aligeuka, alipiga hatua mbili, na mwili wote ulikuwa unamsukuma mbele. Kilichomsimamisha ni lile neno. Alikuwa amelisikia kwenye sale akalikasirikia tu. Sasa alilisikia mdomoni mwa mtu wa barieri, na akaelewa linafanya kazi gani. Ndilo neno walilompa Mbonigaba pia, miaka kumi na moja: aliko, hajulikani, aliyemchukua, hajulikani.

Alirudi. Alitoa biki, ile kalamu, kwenye nywele, chini ya kitambaa, alikoiweka tangu asubuhi ili asaini kwa Mapadri. Akainyoosha mbele ya Afande.

“Basi Afande, uandike.”

“Niandike nini?”

“Jina yako. Saa hii wananingojea na hii karatasi. Hapa, fasi ya fundi, nitawaambia ni Nshimiyimana. Alama yake iko chini, uangalie, na picha iko hapo. Inabakia fasi ya kusema chombo iko wapi. Wataniuliza. Mi sijue kusema uongo kwa watu wa serikali. Andika kama uliichukua wewe, barieri ya Mubambiro, alhamisi. Inaenda Kinshasa, inawekwa ndani ya kitabu. Ni kitabu haitupwake.”

Hakukuwa na ujasiri ndani yake. Maneno yalikuwa yanatoka kwa sababu yalikuwa yameanza. Afande aliangalia biki. Aligeuza chombo, akaona mikato mitatu na jicho, akaangalia picha, akaangalia tena biki. Wanaume wake walisogea waone kama mkubwa wao ana jina.

“Mama, uko na mudomo mubaya,” alisema taratibu.

“Ndiyo, Afande.”

“Chukua kitu yako. Na hii biki uondoe hapa.”

Alichukua chombo na fishi. Alivuka barabara, akafika kwenye meza ya Nicole, na hapo akasimama. Nicole alimwambia kwa meno yaliyofungwa: “Enda. Mama, kwenda. Asibadilishe roho.”

“Siwezi.”

“Unaumwa?”

“Iko bure. Ndani hamuna kitu.” Machozi yalimtoka sasa, bila sauti. “Haitembeake bure. Sijawahi.”

Mwingine angempiga kofi. Nicole alimwangalia usoni, akaangalia chombo, na kwa kuwa mama yake naye alikuwa mtu wa milima, alielewa. Alivuta kitambaa chini ya meza. Yalikuwa maharagi makavu, ya wanawe, ambayo alikuwa anataka kuyatia motoni jioni hiyo. Alichota konzi mbili, akazimimina kwenye shingo ya chombo. Zilisikika zikianguka ndani.

“Hiyo ni chakula ya batoto yangu,” alisema. “Ni deni. Haiko zawadi.”

“Ni deni,” alisema Sidonie, akaenda.

Alitembea bila kugeuka. Alipita Mubambiro, kambi mkono mmoja na jua mkono mwingine, na kila gari lililotoka nyuma lilimfanya asogee mpaka kwenye mfereji. Alifika kwa Mapadri saa kumi kasoro kidogo. Samy alikuwa anapakia masanduku. Alipomwona, alivua kofia.

Aurélie alivaa glavu nyeupe. Alipima urefu, akapima kifua na shingo, akageuza kitako, akapiga picha mikato na jicho, na mikono yake ilikishika chombo kama mtu anavyoshika mtoto wa mtu mwingine. Aliomba chombo kibaki, kilale Kinshasa na mwenzake. Halafu akasikia maharagi ndani. Alishtuka kuliko Afande alivyoshtuka kwa koltani.

“Anasema hapana,” Samy alitafsiri. “Ndani ya musée hakuna mbegu. Mududu moja wa maharagi anaingia ndani ya mbao, anakula vitu ya miaka mia. Ni sheria.”

“Na kwetu haiingie bure ku nyumba ya watu.”

“Mama, nakusikia. Lakini akiacha hiyo maharagi, bakubwa wake watamufukuza.”

“Basi narudi nayo.” Lakini alipolisema aliona barieri, moja, mbili, tatu, na Afande na kiu yake ya kasiksi, na akajua kwamba chombo hakitafika tena mlimani.

Samy alikuna shingo. Aliongea na Aurélie kirefu. Msichana akaketi, akachukua fishi mpya, akaandika kwa herufi kubwa akisema kila neno kwa sauti: Chombo cha maziwa. Fundi: Nshimiyimana, wa Masisi. Alama: mikato mitatu na jicho. Samy aliomba mstari mmoja zaidi, na Sidonie akamruhusu: Walikale walikitumia kwa mawese. Wakatengeneza fishi ya pili, kwa ajili ya chombo kile cha kwanza, kilichoko Kinshasa. Neno lile la zamani kwenye orodha Aurélie alilikata kwa rula, mstari ulionyooka, akasaini pembeni.

“Kila kitu ya musée iko na karatasi yake,” alisema Samy. “Hii wataiweka ndani ya chombo, itakaa mule siku zote. Unaona? Haiko bure.”

Sidonie aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Jina lilikuwa na herufi zote. Akamimina maharagi kwenye pembe ya kitenge, akaikunja karatasi mara mbili, akaidondosha shingoni. Akafunika, akamkabidhi Aurélie.

Kurudi kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu kwenda alikuwa na kazi, na sasa alikuwa na miguu tu. Afande alikuwa amesimama katikati ya barabara kana kwamba alikuwa anamngoja. Alimwita pembeni, mbali na wanaume wake.

“Kile kitu kiko wapi?”

“Kwa serikali.”

“Na wewe,” aliangalia nyuma yake, akashusha sauti zaidi, “uliandikisha jina yangu?”

Sidonie alimwangalia. Miwani yake ilikuwa na ukungu kwa ndani. “Sikuandikisha, Afande. Hata sijue unaitwa nani.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Alimwonyesha njia kwa kidevu. Hofu haikumwacha Sidonie kwa hilo. Alijua itamfuata mpaka Sake na zaidi. Lakini alivuka barabara.

Nicole alikuwa ameshawasha moto, sufuria ina maji tu. Sidonie alifungua pembe ya kitenge.

“Ni ile ile?” aliuliza Nicole.

“Ile ile. Walinikatalia. Hesabu.”

“Nihesabu maharagi? Weka humu.”

Aliyamimina kwenye maji, moja likaanguka majivuni, akaliokota, akalipuliza, akalitia na mengine. Nicole aliweka kifuniko. Sidonie akauliza kama bado kuna pikipiki inayopanda.